Nilisema Umenawiri

Skuta, Nyeri
Jumanne, baridi ikiwa kali

Kwako Kamla, Mama Ronak, dada yangu ambaye mama yangu hakumzaa,

Pokea salamu zangu, na za mwanangu Lynn, na za watoto wake ambao sasa wananitazama kutoka juu kana kwamba mimi ndiye mtoto. Desturi inataka nikuulize hali, kisha niseme kuwa mimi huku ni mzima wa afya na hofu ni kwako tu. Leo desturi hiyo nitaivunja kidogo. Hali yako nimeshaambiwa, na si kwa kinywa chako. Yangu nitakueleza hapa chini polepole, na nakuomba usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka kurasa za gazeti ili ufike haraka kwenye vifo na harusi.

Samahani kwa herufi hizi kubwa. Ninaandika kwa kalamu nzito, ile ya kuandikia makatoni dukani, na nimeketi mlangoni ili nipate mwanga. Lynn alitaka kuniandikia nikamfukuza. Haya ni mambo ya watu wawili. Ronak ndiye atakayekuletea barua hii, na ameapa mbele ya chai yangu kwamba hataifungua njiani.

Naam, Ronak amefika kwangu. Alikuja Nyeri kuzungumza na wapangaji wa lile jengo lenu, akapanda hadi Skuta bila hata kupiga simu, akanikuta na kitambaa cha jikoni kichwani. Siku hizi amefanana na baba yake Govind, Mungu amrehemu, hasa akinyamaza. Alikunywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, kisha ndipo akasema kilichomleta. Aliniambia umekonda tangu baridi yao ya huko Leicester ilipoanza, na hadi leo mwili haujarudi. Macho yako yameingia rangi ya manjano. Chakula unakichezea tu kwenye sahani. Dada yake, Zarna, amekuwekea miadi ya daktari mara nyingi, na kila ikifika unakataa kuvaa viatu. Nilipomuuliza unatoa sababu gani, aliinamisha kichwa. Alisema mama yao huwajibu hivi, ati Murugi ameniona kwa simu na akasema nimenawiri, na Murugi hajawahi kuukosea mwili wangu.

Kamla, huyo Murugi ni mimi.

Nilikupigia papo hapo, Ronak akiwa ameketi pale pale, nikakuambia uende hospitali. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulicheka. Ulisema Ronak amenipanga, tumekula njama, na kwamba mimi nimezeeka sasa natumwatumwa na watoto. Kisha ukaniuliza viazi vimefika bei gani. Nikajua simu haitatosha. Kwa maneno ya mdomo umenishinda tangu tukiwa wasichana, lakini kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kwa hiyo keti, vuta shali yako, unisikilize mpaka mwisho.

Najua imani yako kwangu ilianzia wapi. Uliletwa bibi arusi kutoka Thika, mwembamba kama uzi, na mimi nilikuwa fundi wa barazani pa duka la baba mkwe wako, na cherehani yangu ya kukanyaga. Mama mkwe wako hakupenda uzungumze na watu wa barazani. Basi ukawa unaniletea blauzi ambazo hazikuwa na kasoro yoyote, ili tu usimame pale unieleze habari zako kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, mpaka kikanyooka na Kikikuyu kikaingia juu yake. Siku moja niliirudisha blauzi yako nikiwa nimeiachia nafasi pembeni. Uliivaa, ukanitazama, ukaketi juu ya jora la kitambaa ukacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu hukuwa umemwambia mtu yeyote kuwa una mimba. Ronak huyu huyu.

Tangu siku hiyo ulinifanya kioo chako. Ukipata homa ulikuja barazani kwanza kabla ya kwenda kwa daktari. Govind alipofariki na ukaacha kula, watu wa hekalu walikusihi, watoto walikusihi, nawe ukasema huna njaa. Mimi nilikuja na utepe wa kupimia shingoni nikakuambia kuwa ukiendelea hivyo nitaanza kukushonea nguo za mtoto wa shule. Ukaomba uji. Kwa hiyo sishangai kwamba mwaka huu umewakataa madaktari wote wa Leicester kwa neno langu moja. Mimi mwenyewe nilijivunia sana jicho langu, na hapo ndipo habari inapoanzia.

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kushona magauni ya kwaya ya kanisa. Nilikuwa nimeshona magauni kama hayo maisha yangu yote, ungeweza kunifunga macho. Lakini kila nikimaliza mshono, nikiuinua kwenye mwanga, naona umepinda katikati kama njia ya ng'ombe. Nikafumua, nikashona upya, ukapinda tena. Nililaumu cherehani. Nililaumu nyuzi za siku hizi. Nililaumu stima. Mwishowe Lynn alinyakua gauni mkononi mwangu akalitandaza mezani, akasema, "Mum, hii iko straight kabisa. Unafungua nini?" Nikamwambia aende akalee watoto wake.

Nilifumua magauni yaliyonyooka, Kamla. Kwaya nzima. Bwana Wamae, mwenyekiti wao, aliyachukua yakiwa yametobokatoboka kwenye mishono yote, na hata leo akinisalimu kanisani ananipa vidole viwili tu. Mimi badala ya kujiuliza, nilikasirika. Unanijua. Nilisema kazi za kanisa hazina shukrani, nikafunika cherehani kwa shuka.

Kisha nguzo za stima za barabara ya kwenda mjini zikaanza kunesa nikizitazama. Siku moja nikafunika jicho la kulia kwa kiganja ili nione saa ya ukutani kwa la kushoto. Saa ilikuwepo, ukingo wake mviringo ulikuwepo, lakini katikati hapakuwa na mishale wala namba, ila ukungu wa kijivu kama ule wa Julai unaoficha Mlima Kenya mpaka saa sita. Nilitoa kiganja haraka. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kuwa Mungu alinipa mawili kwa sababu.

Mvua za mwaka jana zilipokaribia, jicho la kulia nalo likaanza kupinda vitu. Hapo ndipo nilipoogopa, nikakubali Lynn anipeleke kliniki ya macho. Daktari ni msichana mdogo wa kutoka Mweiga, anaitwa Warigia, na mama yake bado anakama ng'ombe huko. Alinionyesha picha ya ndani ya jicho langu. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea kila tunachokitazama. Kwa watu wengine wakizeeka, mishipa mipya ya damu huota chini ya utando huo, mahali isipotakiwa kabisa. Ni dhaifu, inavuja, inauinua utando, na ndiyo maana mishono iliyonyooka inaonekana imepinda. Nikamwambia hayo ni kama machipukizi ya kahawa, yale yanayoota kwenye shina na kula nguvu za mti bila kuzaa. Akacheka akasema nimepatia, ila haya hayakatwi kwa kisu. Mwili wenyewe hutoa ishara ya kuyaita, na dawa yao huizuia ishara hiyo ili yasiitike.

Dawa ipo, lakini ile ya kawaida inataka mtu arudi karibu kila mwezi. Watu wengi wa huku hawawezi. Wanakuja mara mbili tatu, kisha ng'ombe anazaa, au mvua inanyesha, au wanaona nafuu na kukaa nyumbani mpaka wanapofuka. Kwa hiyo Daktari Warigia na wenzake wanafanya utafiti wa dawa nyingine inayokaa ndani ya jicho miezi kadhaa. Aliniomba niingie, wengine tukipewa ile ya kawaida na wengine hii mpya. Alinieleza kuwa hatanificha hatari zake, lakini hataniambia nimepata dawa ipi, na kwamba hata yule anayenipima hataambiwa. Nikakubali.

Usitetemeke, dawa huchomwa ndani ya jicho. Wanalitia ganzi, wanalishika wazi kwa kidude cha waya, unaambiwa tazama juu, unahisi kusukumwa tu. Baadaye vidoa vyeusi vinaelea mbele yako. Siku ambazo si zamu yao ya kuchomwa, wale waliopata dawa ya kukaa sana hugusishwa bomba lisilo na sindano, ili wasijijue. Basi hapo ungetuona kwenye benchi! Kila mtu ni mganga. Kihara wa Naro Moru, mzee aliyebebea wazungu mizigo mlimani mpaka magoti yakagoma, huapa kwamba yeye anaijua sindano ya kweli kwa harufu. Mama Griffins wa Mweiga husema yake inamfanya aote ndoto.

Sasa sikiliza tulichokifanya, nawe usicheke mapema. Kabla ya sindano, kila mtu huingia chumba kimoja kusoma herufi zilizobandikwa ukutani, kubwa juu na ndogo chini. Kihara alipotoka alituona tumekaa kwa hofu kama watoto wanaongoja mtihani. Akanong'ona zile herufi, mstari baada ya mstari, akasema, "Mlimani hatuachagi mtu nyuma." Mama Griffins akazishika. Mimi nikazishika pia, nikaziimba moyoni kwa wimbo wa kanisa. Hakuna aliyeona kuwa ni vibaya. Kanisani asiyejua kusoma hunong'onezwa ubeti na jirani yake, na msibani asiye na mchango husimama nyuma ya mwenye nao. Tungemwachaje mwenzetu aingie peke yake akaaibike? Kwa hiyo kila tuliporudi kliniki tulisoma vizuri sana. Benchi letu lote lilikuwa linapona.

Ilifichuka siku walipobadilisha karatasi ya ukutani. Kihara aliingia akasimama wima, akasoma kwa sauti ya mkutano wa chifu herufi zote za ile ya zamani, na hata moja haikuwa ukutani. Kijana anayepima, Mutahi, alitoka akiwa ameshika mdomo. Tukaitwa sote kwa Daktari Warigia.

Nilitegemea atufokee. Hakufoka, na ndiyo maana iliniingia. Alituuliza kwanza nani alianza, nasi tukanyamaza, kwa hiyo hakuuliza tena. Alituambia tulidhani tunasaidiana. Kisha akasema kwamba yeye hawezi kuingia ndani ya vichwa vyetu akaona tunachokiona, ana maneno yetu tu. Tukimwambia tunaona na hatuoni, atafikiri dawa inatosha, naye atamwacha bila tiba mtu anayepofuka mbele yake. Na watu wa Nanyuki na Karatina watakaokuja baada yetu watapewa dawa iliyosifiwa kwa uongo wetu. Mwisho alisema kwa Kikikuyu, taratibu kama anayezungumza na mama yake, kwamba hakuna aibu katika kusema sioni. Kihara alilia machozi, na mtu wa mlimani hulia mara chache.

Tulisoma upya, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Kwa jicho la kushoto niliona herufi za juu tu, tena kwa kutazama pembeni yake. Kwa la kulia niliona zaidi, lakini pungufu sana ya nilivyokuwa nikiimba. Daktari aliandika yote. Alisema la kushoto lina kovu tayari, mishipa ilikaa humo muda mrefu mno, hakuna dawa itakayolirudisha. La kulia limetulia, na sasa anajua kwa hakika limefikia wapi.

Nimekuja kwenye lile neno, Kamla. Nimelizunguka kurasa zote hizi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mimi sikuoni. Zaidi ya mwaka sasa sijauona uso wako. Kila Jumapili nikitoka kanisani unanipigia kwa picha, na ninachokiona ni pazia la nyuma yako, shali yako ya kijani, na mikono yako ukiiinua. Katikati, pale uso ulipo, kuna ukungu ule ule wa kwenye saa. Jicho la kulia linaniwezesha kuandika herufi hizi kubwa, lakini uso kwenye kioo cha simu ni mdogo mno kwake. Unaniuliza, "Murugi, unaniona?" Nami nakujibu nakuona vizuri. Nilikujibu hivyo kwa sababu Jumapili ni siku yangu. Niliogopa kwamba ukijua, utaona hakuna maana ya kuwasha picha, kisha hakuna maana ya kupiga, na nitabaki hapa Skuta na cherehani iliyofunikwa shuka.

Siku ile ulisogeza simu karibu ukasema, "Zarna anasema nimekonda. Niangalie vizuri uniambie ukweli." Ukungu ulijaa kioo chote. Nikasema umenawiri, dada yangu, shavu limejaa. Uso niliousifu ni ule ulioondoka nao, siku uliyofunga duka ukiwa umevaa sweta ya Govind. Huo ndio pekee nilio nao.

Ningeweza kuishia hapa nikajisingizia upofu, lakini nimeahidi kusema nisichokiona na nilichokijua. Masikio yangu ni mazima. Nilikusikia. Ulikuwa ukinisimulia habari za mchumba mpya wa Reema, mjukuu wako, na ulikatika katikati ya neno ukavuta pumzi, ukaendelea, ukakatika tena. Wewe, ambaye huwezi kunyamaza hata ukiwa na chapati mdomoni. Moyo wangu uliniambia kuna kitu. Lakini nilisikia pia katika sauti yako kwamba unaogopa, na kwamba unataka nikuambie umenawiri. Nikakunong'oneza herufi, Kamla, kama Kihara kwenye benchi. Nilikupenda hivyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeyaficha yako nyuma ya neno langu, na mimi yangu nyuma ya neno hilo hilo. Sasa naliondoa neno langu. Hulina tena. Ukimwambia Zarna kwamba Murugi alikuona, utakuwa unasema uongo, maana hakuna aliyekuona. Nenda ukaonwe na mtu mwenye macho. Mwambie daktari kila kitu, hata lile ambalo hujamwambia mtu, hata linalokutia haya. Ukimaliza kunikasirikia, na una haki ya kunikasirikia wiki nzima, fanya hivyo ukiwa umeketi kwenye benchi la hospitali.

Natamani kukuona. Sijui namna nyingine ya kulisema. Naitamani sauti yako mlangoni ikinigombeza kwa Kikikuyu chenye makosa. Nikipita mjini mbele ya duka, ambalo sasa wanauza simu, miguu yangu husimama yenyewe nikasahau nilikuwa naenda wapi. Na nimegundua jambo. Nikimshika Lynn hapa mlangoni asubuhi, mwanga ukimwangukia, nikamsogeza karibu mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, jicho la kulia linamwona. Linaona mpaka kovu dogo la kwenye nyusi. Daktari hawezi kuniahidi kwamba litakaa hivyo miaka mingapi. Kwa hiyo tibiwa upesi, upone, uje.

Ukitoka hospitali nipigie, na usiwashe picha. Niambie kwa sauti alichosema daktari, kizuri na kibaya.

Nisalimie Zarna na mumewe, na Reema, umwambie huyo mchumba wake aje anywe chai yangu kabla sijatoa kibali. Kihara na Mama Griffins wanakusalimu pia. Hawakujui, lakini niliwaeleza habari zako kwenye benchi na wanauliza kila tukikutana kama umeshakwenda. Mungu wako na Mungu wangu wakae pamoja wakutazame, maana mimi siwezi.

Jicho la kushoto nililificha mwaka mzima, Kamla, na limekwisha. La kulia nililipeleka mapema, nalo ndilo linaloandika barua hii.

Ni mimi wako,
Murugi